Fundi wa Redio wa Kaloleni

Kazi yangu ilikuwa redio. Nilianzia kwa zile za vali, makabati ya mbao yaliyotaka umeme na subira. Baadaye zikaja za transista, za kutumia mawe, na hizo ndizo zilizonilisha na kunisomeshea watoto. Meza yangu ilikaa chini ya dirisha, Kaloleni, Nairobi, katika mojawapo ya zile nyumba za mawe ambazo wazee walituambia zilijengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano miaka ya 1940.

Watu wakisimulia siku binadamu alipokanyaga mwezi, siku hizi husimulia picha za televisheni. Sisi hatukuziona zikija moja kwa moja. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilianza kazi mwaka 1970, mwezi ukiwa umeshafikiwa. Tuliupata kwa masikio, tena kwa masafa mafupi, na hapo fundi alitafutwa kweli.

Siwezi kuusimulia usiku ule wa kutua mwezini nikaruka Jumamosi ya Julai 5, 1969. Tom Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, alipigwa risasi mchana katikati ya jiji, na Kaloleni nzima ikageuka matanga. Habari ile ilitoka kwenye redio nilizozitengeneza kwa mikono yangu. Alizikwa Rusinga Julai 11. Walioniletea redio baada ya hapo hawakuulizia muziki. "Fundi, nataka taarifa ya habari tu," ndivyo walivyosema.

Jumapili ya Julai 20 nilikuwa na redio ya jirani, mzee wa reli. Eriali yake ilikuwa imekatika shinani, sauti inakuja na kupotea. Nilikwangua kutu, nikachomelea waya mrefu wa shaba, nikaupitisha dirishani hadi juu ya mti. Nilipokigusa tu kitufe cha stesheni, BBC ikapanda, safi kabisa. Saa tano na dakika 17 usiku chombo kikatua. Mzee wa reli akawa anatafsiri kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo, mlango umejaa watu hadi nje. Kati ya maneno ya waongozaji wa Houston na ya wale waliokuwa mwezini palisikika mlio mfupi, pii, na watoto waliokataa kwenda kulala wakawa wanauiga. Mimi nilishikwa na jambo la kifundi: sauti ile ilisafiri karibu kilomita 384,000, ikachukua sekunde moja na kidogo tu. Mpaka leo hilo hunisisimua kuliko nyayo zenyewe.

Hakuna aliyeondoka. Armstrong alishuka saa kumi na moja na dakika 56 alfajiri ya Jumatatu, na waliokuwa wakielekea Industrial Area kwa miguu walisimama dirishani kwangu, chakula chao cha mchana mkononi. Wanaume walibishana kama ni kweli. Akina mama waliuliza mengine.

"Fundi, na yule wa tatu aliyebaki juu peke yake?" aliniuliza mama mmoja aliyekuwa angali amevaa nguo za msiba.

"Anaitwa Collins, mama. Anawazungukia akiwangoja."

"Mungu awarudishe wote. Huku tumeshazika vya kutosha."

Alhamisi ya Julai 24, jioni, mama huyo ndiye aliyefika wa kwanza. Wanaanga walipoangukia baharini salama, saa moja na dakika 50, alipiga kigelegele. Kilikuwa cha kwanza kusikika mtaani kwetu tangu Mboya auawe.

Lakini kuna chombo kingine ambacho kusahaulika kwake kunaniuma. Desemba 12, 1970, sikukuu yetu ya uhuru, Waitaliano walirusha setilaiti ya Marekani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kupima eksirei za anga za mbali, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2002. Setilaiti yenyewe iliitwa Uhuru. Ilipaa kutoka bahari yetu ikiwa na jina letu, wala hakuna mtu aliyekesha dirishani kwangu kuisikiliza.

Wajukuu wakiniuliza nilikuwa wapi Armstrong aliposhuka ngazi, nawasimulia yote, hata ule mlio. Kisha nawauliza kuhusu Uhuru. Shuleni hawajaisikia, kwa hiyo nawaanzishia Malindi.