Uongo wangu wa Bagamoyo

Samahanini kwa kupotea, nilikuwa mazoezi ya kufundisha huko Chalinze, na ndio kwanza nimerudi chuo jana. Stori ni nyingi ila leo nawapa moja tu, ya aibu.

Nilipewa Historia, kidato cha tatu. Siku hiyo nafundisha utawala wa Wajerumani. Nikasema Bagamoyo ilikuwa makao makuu yao, mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam kwa sababu bandari ya Bagamoyo ina kina kifupi, meli kubwa zilishindwa kusogea. Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kifupi kiasi gani? Wewe umeshafika?"

Nikajibu ndiyo, mara nyingi tu. Wakaniamini. Jamani, mimi mtoto wa Shinyanga, Bagamoyo nilikuwa naisoma kwenye vibao vya daladala!

Roho ikanisuta. Jumamosi alfajiri nikadandia gari hadi Msata, nikaunganisha jingine, tukavuka Ruvu, saa nne hivi nipo mjini. Mji umepoa huo! Ukizoea honi za malori ya Chalinze, hapa unasikia hadi ndala zako mwenyewe. Milango ya kuchonga, nyumba za mawe, nyingine zimebaki kuta tu. Nikaliona Boma la Wajerumani la mwaka 1897. Yaani walilijenga wakati makao makuu yameshahama miaka sita! Hilo kwenye notisi zangu halimo.

Nikaenda misheni, iliyoanzishwa 1868. Hapo ndipo ulipofikishwa mwili wa Livingstone Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa karibu miezi tisa kutoka Zambia ya leo. Na mimi nilikuwa nalalamikia siti ya basi.

Mwisho nikashuka ufukweni. Maji yamekupwa, vyombo vimelala ubavu kwenye mchanga, watu wanabeba samaki vichwani kutoka mbali huko. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaanza kuhesabu hatua. Mia mbili, maji bado hayajafika magotini. Mzee mmoja anashona wavu akaniangalia weeee, nilivyorudi nikamsalimia shikamoo.

"Marahaba. Umepoteza nini huko mwanangu?"

"Natafuta kina, mzee."

Akacheka. "Leo hukipati. Subiri maji yajae."

Nilibaki nimesimama pale. Lile jibu nimelikariri tangu sekondari, nikafaulu nalo mtihani, na sikuwahi kulielewa hadi tope liliponiingia kwenye vidole.

Jumatatu nikaingia darasani, nikawaambia ukweli kwamba niliwadanganya. Kimya. Nikajua heshima imekwisha. Yule binti akauliza, "Sasa mwalimu, ulihesabu hatua ngapi?" Tukatoka wote uwanjani, tukazihesabu mia mbili kutoka goli moja, tukavuka goli la pili hadi kwenye miembe. Nikawaambia, mpaka hapa maji hayajafika magotini. Meli ya mizigo itapita wapi?

Wakati wa kurudi darasani nikauliza nani ameshaiona bahari. Mikono ikanyooshwa saba. Darasa la watu hamsini na kitu, wilaya yenyewe ni ya pwani! "Na sisi utatupeleka lini?" wakauliza. Safari hii sikudanganya, nilisema sijui. Bumu lenyewe mnalijua.

Haya, naenda foleni ya kantini. Tuonane semina.