Kelele za Fotoni na Mkono wa Mpimaji

Katika miaka yote niliyopima spektra za nyota kama mwanafalaki wa ridhaa, namba niliyoishia kuiamini kidogo kuliko zote ni ile tunayoiandika kwa fahari juu ya mchoro: uwiano wa ishara kwa kelele, 100. Si namba ya uongo. Fotoni hufika kwa bahati nasibu, na kelele zake ni kipeuo cha pili cha idadi yake. Ukihesabu 10,000, kelele ni 100. Ongeza kelele kidogo za kamera, basi. Shida ni kuigeuza namba hiyo kuwa kosa la kipimo chenyewe. Chukua gamma Cassiopeiae, ambayo Padri Angelo Secchi aliiona mwaka 1866 ikiwa na mstari angavu wa haidrojeni badala ya ule mweusi uliozoeleka. Wengi wetu huifuatilia kwa mstari mwekundu wa angstromu 6562.8, tukipima eneo la mstari huo juu ya usawa wa mwanga wa nyota unaouzunguka. Tuseme jibu ni angstromu 30, kwenye dirisha la angstromu 40 lenye pikseli 400. Kelele za fotoni zitaleta kosa la takriban angstromu 0.03. Lakini usawa ule huchorwa na mpimaji. Akiukosea kwa asilimia 1 tu, jibu linahama kwa angstromu 0.7.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga picha nyingi na kutafuta wastani. Wastani hupunguza kelele za fotoni, sawa, ila picha zote zikisawazishwa kwa mkono uleule, kosa hubaki palepale. Hoja nzito zaidi ni kwamba nyota hizi hubadilika, hivyo matokeo ya siku mbalimbali yakitofautiana huwezi kujua wa kulaumiwa ni nani. Ndiyo maana huisawazisha picha moja upya mara kadhaa, nikibadilisha sehemu ninazozishika kama usawa, na tofauti za majibu hayo ndizo ninazoziandika kuwa kosa. Ndani ya faili moja nyota haina nafasi ya kubadilika.

Upande wa kupima kasi ya nyota, kwa kuhama kwa mstari wake, tuna nafuu. Mvuke wa maji wa angahewa letu huacha mistari myembamba kando ya ule mwekundu, nayo haijali nyota inakwenda wapi. Ikionekana imehama kwa angstromu 0.22, taa ya neoni unayoitumia kuweka kipimo cha urefu wa mawimbi imekukosesha kilomita 10 kwa sekunde, programu iseme itakavyo. Ukaguzi huo ufanywe kabla ya kuondoa mwendo wa Dunia, ambao peke yake hufika kilomita 30 kwa sekunde.