Vitu Vyetu Vimekosa Pa Kwenda

Sisi tuliozaliwa kabla ya Uhuru, na wale waliotufuata kwa miaka michache, hatutupi kitu. Wanetu wanalijua hilo na wamelichoka. Wakija likizo wakafungua kabati kutafuta shuka, wanakutana na doti za khanga ambazo hazijakatwa, sare za harusi ambazo maharusi wake sasa wanaitwa babu na bibi, hotipoti ambayo bado imo ndani ya boksi lake, fulana na kofia za kampeni za chaguzi zilizopita, na uvunguni tranka la shule lenye jina la mtoto ambaye leo ana mvi. "Mama, hivi vyote vya nini?" Jibu letu ni moja nchi nzima: viacheni hapo, vitafaa.

Nataka kulitetea jibu hilo, kisha niwaambie wenzangu wa rika langu kwa nini sasa halitoshi.

Anayetaka kulielewa kabati la mzee wa Tanzania hana budi kurudi kwenye miaka ile. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, tukapigana hadi mwaka uliofuata, na bei ya mafuta duniani ikapanda wakati huohuo. Fedha za kigeni zikakauka. Viwanda vya nguo tulikuwa navyo: Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa mwaka 1968, Mwatex kule Mwanza, Mutex Musoma. Lakini kiwanda bila vipuri wala rangi hakifumi nguo, na khanga ikageuka kitu cha kugawiwa. Ukipata fununu kwamba mzigo umefika RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, au kwamba duka la kaya litafungua mchana, unaacha ulichokuwa unafanya na kwenda kupanga foleni. Mara nyingi ulijiunga na foleni kabla ya kujua inauza nini. Ukitoka na doti moja ya rangi usiyoipenda, unashukuru Mungu.

Hapo ndipo tulipofundishwa kwamba kitu kikionekana kinunuliwe, hata kama leo hukihitaji, kwa sababu siku ya kukihitaji hakitakuwapo. Halafu mwaka 1983, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ukaja msako wa wahujumu uchumi. Waliolengwa walikuwa walanguzi, na wengi tuliuunga mkono kwa moyo wote. Lakini hofu ilifika hata kwenye nyumba za watu wa kawaida. Wako waliotupa mali vichakani na mitaroni usiku wasije wakakutwa nayo. Kwa hiyo tulijifunza mambo mawili kwa wakati mmoja, kuweka na kuficha. Kabati likatiwa kufuli, ufunguo ukafungwa kwenye pindo la khanga, na kilichomo ndani akakijua mwenye nyumba peke yake. Foleni zilikwisha zamani, lakini tabia ile imebaki.

Hata hivyo, kusema kwamba dhiki ndiyo iliyotufanya hivi ni kueleza nusu ya habari. Mama zetu waliweka khanga hata miaka ya neema. Doti mpya ndani ya sanduku ilikuwa na kazi inayoisubiri. Jirani akijifungua, inakwenda. Msiba ukitokea, inakwenda. Mwali akitoka ndani, wifi akija kutoka bara, somo akimaliza kazi yake, inakwenda. Ukiikata unapata vipande viwili, na mara nyingi kimoja ulimpa shoga yako ili mtoke sare. Mwanamke asiye na doti ya akiba alikwenda msibani mikono mitupu, na aibu yake aliijua mwenyewe. Sanduku lilitunzwa kwa heshima: ndani karafuu au majani makavu ya mwarobaini kuzuia wadudu, nguo za kutokea zikafukizwa udi. Lilijaa, likapungua, likajaa tena.

Na nguo yenyewe ilikuwa na safari yake. Hili vijana wengi hawakulishuhudia, nami naona ndilo kiini cha jambo zima. Khanga ilianza kuvaliwa kwa kutokea, kwenda harusini na mjini. Rangi ikipungua inavaliwa nyumbani, kisha jikoni. Baada ya kufuliwa miaka, pamba inalainika hadi haimwashi mtoto mchanga, na hapo inapanda cheo badala ya kushuka: inakuwa mbeleko, inakuwa ya kumpokelea mtoto. Wakunga waliomba khanga kuukuu, mpya hawakuitaka. Ikichakaa zaidi inachanwa kuwa nepi, na vitambaa vya wasichana vya siku zao. Ikitoboka inakuwa kishikio cha sufuria, tambara la kudekia, na mwisho inazibia ufa wa dirisha wakati wa kusi. Nguo za watoto nazo zilikuwa na njia. Gauni lilimkuta dada mkubwa, likamfuata mdogo wake, likavuka ua kwenda kwa mtoto wa mama mdogo, na likirudi lilirudi kama vifungo tu ndani ya kopo. Hatukuwa na haja ya kufundishwa kupunguza vitu. Kila kitu kilijua kinakokwenda baada ya hapa.

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, na kwa muda mfupi maduka yakajaa. Mitumba ikamiminika. Sitaibeza mitumba, wala simruhusu mtu aibeze mbele yangu. Nilikuwa mwalimu, nilimwona mtoto aliyekuja shule na kaptula yenye matobo akija na suruali nzima na viatu. Akina mama walisimama Karume na Memorial ya Moshi alfajiri robota likifunguliwa, na kwa mshahara mdogo wakavalisha nyumba nzima. Ilikuwa furaha ya kweli baada ya dhiki ya kweli.

Lakini mlango wa kuingilia ulipofunguka, milango ya kutokea ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na hatukuiangalia. Pampasi zikaja, nepi ya khanga ikakosa kazi. Nyuzi za plastiki zikachukua nafasi ya pamba. Dera la siku hizi likichakaa halinyonyi maji, huwezi kudekia wala kumpangusia mtoto, na ukilichoma linatoa moshi mweusi na kubaki donge. Watoto wakapungua, kwa hiyo gauni la dada halina mdogo wa kulirithi. Na aliyepo ataletewa jipya, kwa kuwa kumletea jipya ni rahisi kuliko kulitoa la zamani Dar es Salaam hadi Muheza. Kisha zikaja sare. Leo hakuna shughuli bila sare: sendofu ina yake, kichenpati yake, harusi yake, hata arobaini ya msiba ina yake. Unachangia kitambaa, unakipeleka kwa fundi, unakivaa jioni moja, basi. Huwezi kukivaa kwenye harusi nyingine kwa sababu ile ina sare yake, na kumpa mtu unaona haya kwa kuwa kila mtu mtaani anayo ileile.

Vivyo hivyo kwenye kabati la vyombo sebuleni, lile lenye vioo. Bilauri za wageni ambazo wageni hawanywei, seti ya vikombe iliyotoka kichenpati, hotipoti juu ya hotipoti. Mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku Juni 2019, niliona watu wa umri wangu wakitoa droo nzima ya mifuko iliyokunjwa vizuri. Droo zilezile leo zimejaa mifuko mbadala.

Marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ilikuwa imefufuliwa, walikubaliana mwaka 2016 kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu ya ushuru, wengine walirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu hiyo. Ikiwa serikali zimeshindwa kuuzuia mlango wa kuingilia, mama mmoja mwenye kabati la milango mitatu hatauzuia. Akili yetu tuielekeze kwenye kutokea.

Wajukuu zetu wana njia yao. Wamemsikia yule Mjapani, Marie Kondo, anayewataka washike kila kitu mkononi na wajiulize kama kinawapa furaha. Ninakiri kabati la mkamwana wangu linapendeza. Ukimwomba shati la mtoto analitoa gizani bila kupapasa. Lakini nimeona pia magunia yanayotoka kwenye upangaji ule yakiwekwa getini kusubiri gari la taka, na yaliyomo yakaishia dampo la Pugu Kinyamwezi na mengine ya aina yake, blauzi nzima nzima. Swali la furaha linamtosha aliyeulizwa peke yake. Mama zetu waliuliza nani sasa anakihitaji, na ili kulijibu hilo ilibidi ujue habari za watu: nani mjamzito, nani kafiwa, nani kaunguliwa, mtoto wa nani kachaguliwa kwenda bweni. Ndiyo maana nguo ilitoka nyumbani na heri zake. Vijana wana nidhamu ya kupanga na hawana jina la mtu wa kumpelekea. Sisi tunayo majina yote, na hatutoi.

Na hapa nasema na wenzangu. Kabati letu linapangwa siku moja tu, siku ya kugawa nguo za marehemu. Msiba umekwisha, mkeka umetandikwa chumbani, mashangazi wamekaa, na mlango ambao mwenyewe aliufunga miaka yote uko wazi. Nimekaa kwenye mikeka hiyo mara nyingi, kwa mama yangu, kwa dada zangu, kwa mashoga zangu, na kila mara linaniuma jambo lilelile. Zinatolewa doti ambazo hazijawahi kukatwa. Ukizikunjua zinachanika kwenye mikunjo, kwa sababu pamba iliyokaa imekunjwa miaka mingi kwenye unyevu wa pwani huoza palepale ilipokunjwa. Zina madoa ya ukungu, mende wamepita. Aliyewekewa ile ya bluu tunamjua sote, na amekwisha kutangulia kabla ya mwekaji. Wakati huohuo binti anagombana na wifi yake juu ya kitenge kimoja kilicho kizima. Marehemu alikuwa mkarimu maisha yake yote, na ukarimu wake mkubwa kuliko wote umeozea ndani.

Tunasema tunaweka kwa ajili ya watoto. Tuwatazame basi. Wanakaa nyumba za kupanga za vyumba viwili, na hawataki kabati la mninga lisilopita mlangoni. Wanachokitaka kwetu ni kidogo na ni wazi, nasi ndicho tusichokipanga. Wanataka kujua hati ya kiwanja iko wapi, kadi ya bima, vyeti vya kuzaliwa, kitabu cha benki, daftari la vikoba. Vitu hivyo tumevitia kwenye bahasha, bahasha ndani ya mkoba, mkoba chini ya mablanketi. Nimeona familia ikihangaika mwaka mzima kufuata mirathi huku karatasi moja iko ndani ya boksi la viatu.

Picha sizigusi. Picha na barua ziachwe, pamoja na ile nguo moja ya mama ambayo kila mtu anayo na hamwelezi mtu sababu. Kaniki ya mama yangu ninayo na itabaki.

Mtaani kwetu tumeanza jambo, wachache tu, wengi wetu wajane na wastaafu. Mwezi wa Shaabani, nyumba zinapopigwa deki kwa ajili ya Ramadhani na masika haijatufungia ndani, kila mmoja anatoa kila kilicho kabatini na kukianika juani mchana kutwa. Jua peke yake ni tiba: ukungu unakufa, na mwenyewe unaona kwa macho yako ulichonacho, jambo ambalo kabati lililofungwa halikuruhusu. Kisha tunaitana majina, nani katika mtaa ana nini wiki hii. Doti za pamba zilizolainika zinakwenda kwa wajawazito, ambao wakiambiwa na kliniki waje na khanga za kujifungulia, wengi hawana ila hayo madera. Sare tunampelekea fundi, anazikata kuwa foronya na mapazia ya madrasa na chekechea. Dawa zilizopita muda tunazozikuta humo hatumpi mtu, zinarudishwa zahanati. Na kila anayetoa anamwita mmoja wa wanawe, anamwonyesha mkoba wa karatasi ulipo, hata kama ni kwa simu ya video.

Jirani yangu tuliyekua naye hajakubali. Anasema doti zake ni za mazishi yake, za kuzungushia siku ya kumwosha, ili wanawe wasihangaike kuomba za watu. Kwa hizo nimemkubalia. Nimemwomba tu azitie kwenye mfuko wake, aandike, na amwonyeshe binti yake zilipo. Lakini hotipoti zake zile tatu, ambazo hazijawahi kutiwa chakula, nimemwambia azitoe. Kuna binti wa mtaa wa pili anaolewa Mfungo Sita, mama yake muuza maandazi, na hana chombo hata kimoja. Nimelisema Ijumaa, nikalirudia jana. Amesema anafikiria.