Kurasa 32 za Kitu Ambacho Hakuna Mtu Aliomba

Wasee, nilipoacha chuo nilibeba imani moja: huwezi kutengeneza programu kabla ya kuiandika yote kwa karatasi. Basi kazi yangu ya kwanza ya kulipwa, apu ya hesabu za chama cha mamangu, niliiandikia kurasa 32. Kila skrini, kila kitufe. Mweka hazina akasoma mbili, akasema, "Iko sawa, mtoto wangu." Mimi nikafurahi. Kumbe "iko sawa" ya mama aliyechoka si ruhusa, ni heshima tu.

Miezi minne baadaye nikamwonyesha apu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Sasa asiyelipa nitamwonea wapi?" Hapakuwa na mahali. Halafu nusu ya wanachama wana kabambe. Apu wangeiweka wapi? Chama kilikuwa kimenilipa elfu kumi na nilikuwa nimezila zote. Mamangu hakuenda mkutano uliofuata. Aliona haya.

Nikanunua daftari. Nikachora skrini kwa biro, nikamwambia mweka hazina abonyeze karatasi kwa kidole. Jioni moja tulitupa michoro saba. Wa nane ukabaki: orodha ya majina, asiyelipa ana alama nyekundu, na wenye kabambe wanapata meseji. Kurasa 32 hazikunifunza hayo.

Hata M-Pesa ni hivyo. Majaribio ya 2005 yalilenga watu walipe mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kutumiana pesa. Ilipozinduliwa Machi 2007, kilichouzwa ni kutuma pesa nyumbani. Watumiaji walionyesha kwa vitendo.

Lakini usitupe kalamu bado. Mwezi wa pili, vita vikazuka: faini ya kuchelewa ni shilingi 50 kwa siku ama kwa mkutano? Mchoro haukusema, mimi nilikisia, na wamama wawili wakanuniana wiki mbili. Tukaandika ukurasa mmoja wa sheria za pesa, wote wakatia sahihi.

Siku hizi nafanya hivi: kile hatujui, nachora tujaribu. Kile tunaweza kukosania, naandika. Daftari kwanza, ukurasa mmoja baadaye.

Mamangu amerudi kwa mikutano. Mwezi jana alichelewa, na jina lake likawaka nyekundu kama la mtu mwingine yeyote. Alinipigia kulalamika. Nikamsomea ukurasa.