Usinge: Kuamua Pamoja Mbele za Mungu



Treni ya Kigoma ikitoka Tabora hupita Urambo na Kaliua, kisha hufika Usinge. Ni nchi ya miyombo, asali na tumbaku, na samaki wakavu kutoka bonde la Malagarasi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo watu walikwenda kwa miguu baina ya Unyanyembe na Ujiji, wapagazi na pembe zao, na watumwa katika minyororo.

Tulikwenda huko wanawake watano, tukae na viongozi wenzetu wa akina mama. Jambo lilikuwa moja: sadaka ya mavuno iezeke kanisa linalovuja, au iwapatie wajawazito wa vijiji vya mbali chumba cha kungojea siku zao karibu na mkunga? Sisi wauguzi tunajua kwamba mvua zikijaza mbuga, mama anayetokwa na damu hana saa za kusubiri. Lakini nao wa Usinge walikuwa wameahidi waumini bati.

Kunyoosha mikono kungemaliza shauri kwa dakika tano. Tatizo ni kwamba wanaoshindwa hurudi nyumbani na kinyongo, na kesho hawachangii kuni wala maji.

Njia hii ya misafara ina somo. Livingstone alipofariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Susi na Chuma hawakuamua peke yao. Waliwaita wenzao wote, wakaweka shauri mbele yao, wakakubaliana kuupeleka mwili pwani. Walipofika Unyanyembe, Luteni Cameron aliwashauri wamzike hapo. Walikataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Neno lililokubaliwa na wote halikuvunjwa na neno la mwenye cheo.

Nasi waamini tuna mfano mkubwa zaidi katika Matendo ya Mitume sura ya 15. Kule Yerusalemu walihojiana sana, wakasikiliza ushuhuda wa Petro, Barnaba na Paulo, ndipo Yakobo akapima yote kwa Maandiko. Hawakuogopa kubishana, wala hawakuharakisha.

Basi huko Usinge tulisoma sura hiyo, tukaomba, tukanyamaza robo saa. Kisha kila mmoja alisema bila kukatizwa, wadogo kwanza, ili maneno ya wakubwa yasiwafunge midomo. Sisi wauguzi tulieleza hatari za uzazi, halafu tukakaa kimya. Baadaye kila upande ulieleza hoja za upande wa pili, hata wenyewe wakiri kwamba wameeleweka.

Jioni karibu wote walielekea chumba. Mama mmoja alisema moyo wake hauna amani. Hatukumsukuma, tulilala. Asubuhi tulimwuliza kinachomsumbua, akajibu: "Huyo mjamzito atapikiwa na nani? Na watoto aliowaacha kwake je?" Hakuna aliyekuwa amefikiri hilo! Kumbe wasiwasi wake ulikuwa msaada, si upinzani. Zamu za kupika zikapangwa, na kila kijiji kikataja mama wa kuangalia watoto. Ndipo yeye mwenyewe akasema, "Sasa twende." Bati litangoja mavuno yajayo, na masika moja tutaabudu tukihamisha mabenchi.

Mama mpendwa, jaribu utaratibu huu katika kamati yako, hata mezani na mumeo na watoto. Usiite kila hisia sauti ya Roho: ipime kwa Neno, kwa ukweli wa mambo, na kwa matunda yake. Hatari isiyosubiri, kama mgonjwa mahututi, ishughulikie mara moja. Lakini penye nafasi ya kungoja, mwulize yule aliyenyamaza. Huenda Bwana amempa yeye sehemu iliyobaki.