Kutoka Majani Chai Kushuka Ziwani

Matatu ilitoka Bomet kabla ukungu haujainuka. Kaplong, Kapkatet, Litein: kote wachumaji walikuwa wameshaingia mashambani, vikapu mgongoni. Kazi yangu ni kutengeneza simu za upepo za malori ya majani, na sikuwa nimewahi kukanyaga boti. Rafiki yangu wa Kisumu alikuwa ameniomba nikamsaidie kukagua vyombo vya boti ya abiria kabla haijaanza kazi.

Kwetu adui wa redio ni kilima. Lori likiingia bondeni sauti hukatika, likipanda hadi kituo cha kununulia majani dereva husikika tena. Ziwani hakuna kilima, lakini mviringo wa dunia wenyewe huziba. Boti mbili zenye antena za mita 4 huwasiliana kwa takriban kilomita 16 tu; antena ya nchi kavu ikipandishwa kwenye mlingoti wa mita 30, mawasiliano na boti hufika kama kilomita 30.

Kericho iko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na ziwa mita 1,134. Tulipopita Kapsoit na Kipsitet nilivua sweta. Mashamba ya miwa, kisha mpunga wa Ahero, kisha joto la Kisumu.

Nahodha, mzee mpole, alituonyesha vyombo. "Kijana wangu, taa zote zinawaka."

"Ni kweli, mzee. Sasa tumtafute mtu atujibu."

Niliminya kitufe cha kuongea huku nikitazama kipimo cha betri: kutoka volti 12.6 ikaanguka hadi 10.9. Nikafungua plagi ya antena. Ndani shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani, na mita ilionyesha karibu nusu ya nguvu inarudi redioni badala ya kwenda hewani. Tulikata ncha ya waya, tukafunga plagi mpya, tukabadilisha betri. Tukaita kwa kifupi kwenye chaneli 16, ambayo ni ya kuitana na ya dharura, tukahamia nyingine. "Nawasikia vizuri sana, ova." Mzee alitabasamu.

Kifaa cha AIS, kile kinachotangaza jina la chombo, namba yake ya utambulisho na mahali kilipo, kilionyesha boti yetu barabara kwenye skrini. Hilo halikunitosha, maana skrini husoma GPS yake yenyewe hata kama hakuna kinachorushwa. Rafiki yangu alikwenda kusoma kwenye boti ya jirani, akapiga simu: "Mnaonekana, lakini namba yenu inaanza na 235."

Za Kenya huanza na 634. 235 ni ya Uingereza, ambako boti ilinunuliwa ikiwa imetumika. Ingezama, waokoaji wangetafuta chombo kingine, cha mmiliki mwingine.

Mzee alinyamaza. Anaikumbuka MV Bukoba iliyozama karibu na Mwanza mwaka 1996, na MV Nyerere karibu na Ukara mwaka 2018, iliyoua zaidi ya watu 200. Namba hiyo haibadilishwi kwa bisibisi: huendana na leseni ya redio, inayotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Akampigia mwenye boti palepale. "Safari ya kwanza isogezwe. Warudishie abiria nauli zao."