Deni Lisilobisha Hodi

Madeni ni ya namna mbili. Liko deni ambalo mtu hulijua, akalala nalo na kuamka nalo. Na liko deni linalozaliwa na kukua katika daftari bila ya mwenyewe kuwa na habari. La kwanza huondoa usingizi. La pili huondoa heshima.

Mama mmoja wa Mbozi alionja la pili mwaka 2023. Zamani alikuwa na duka Tunduma, kando ya njia iendayo mpakani Nakonde. Mwaka 2016, mwaka ule Mkoa wa Songwe ulipotengwa na Mbeya, alilifunga akarudi shambani kulima kahawa na mahindi. Alimuaga mwenye nyumba, akawaaga majirani na wateja. Ofisi ya kodi hakuiaga.

Baada ya miaka saba alitaka mkopo wa kununua mashine ya kusaga. Taarifa zake za mikopo, ambazo benki huzitazama kwanza, zilikuwa safi. Lakini pasipo leseni hapakuwa na mkopo, na pasipo hati ya kutodaiwa kodi hapakuwa na leseni. Hapo ndipo alipoambiwa kuwa anadaiwa. Namba yake ya mlipa kodi haikufungwa, wala hesabu hakupeleka; basi alikadiriwa mwaka baada ya mwaka, riba na adhabu zikapanda juu yake. Barua zilipelekwa katika duka ambalo sasa lina fundi cherehani.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 ina mkono mzito: mali ya mdaiwa yaweza kuzuiwa, na benki yaweza kuamriwa kulipa kutoka katika akiba yake. Lakini ina sikio pia. Aliyekadiriwa aweza kupinga katika siku 30. Na mwenye sababu ya haki aweza kuomba muda uongezwe.

Mtu mmoja alimnong'oneza, "Mama, tafuta mtu wa ndani, umtie kitu mkononi, yaishe."

Alijibu, "Mwanangu, jina nililolinunua gizani nitalivaa wapi mchana?"

Alipata barua ya mwenye nyumba wa zamani, akapata ya mtendaji wa kijiji, akaandika ya tatu kwa mkono wake. Makadirio ya miaka asiyofanya biashara yaliondolewa. Kodi ya miezi ya mwisho ya duka, ambayo kweli hakuilipa, ilibaki. Aliilipa kwa mafungu bila ya kinyongo. Lakini mavuno yalikuwa yamekwisha pita, na mashine ilikwisha nunuliwa na mwingine.

Huko Mbozi kuna kimondo chenye uzito wa tani zipatazo 16. Hakuna ajuaye kilianguka lini, lakini ujinga huo haukukipunguzia uzito hata ratili moja. Kadhalika deni: kutolijua si kulilipa. Afungaye duka na afunge na daftari lake; na ashikaye daftari la watu na abishe hodi kabla ya kuandika.